Maboksi Chini ya Kitanda: Kitabu Changu na Safari ya Kutafuta Duka



Likizo iliyopita frateri mmoja alinitembelea hapa Chonyonyo akiwa na daftari kubwa kwapani. Ndani yake mlikuwa na tafakari alizoanza kuziandika tangu mwaka wa kwanza wa falsafa. Baada ya salamu na kikombe cha uji akaniuliza, "Mwalimu, nikichapa nakala mia tano, maduka yatazipokea?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimpeleka chumbani, nikainua shuka iliyoning'inia, nikamwonyesha maboksi manne yaliyo chini ya kitanda. Kisha tukatoka nje tukakaa chini ya migomba, tukazungumza mpaka ng'ombe wakarudi. Mhariri wa jarida hili aliposikia habari hiyo aliniomba niiandike. Nayaandika yale niliyomwambia frateri, pamoja na mengine ambayo siku ile niliona haya kuyasema.

Kitabu chenyewe

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Marehemu baba yangu alikuwa katekista. Nikiwa mtoto nilimwona akiondoka nyumbani Jumamosi alfajiri, viatu amevifunga kamba begani ili visiishe soli, akirudi Jumapili usiku. Alipofariki niligundua kwamba hakuna mahali popote palipoandikwa hata mstari mmoja juu ya kazi yake, isipokuwa majina ya watu aliowasimamia katika daftari la ubatizo.

Nilipostaafu nikaanza kuwatafuta makatekista wenzake waliokuwa bado hai. Kwa miaka sita nilizunguka vijiji vya Karagwe na Kyerwa, kuanzia huku kwetu hadi Nyaishozi, Nkwenda, Kaisho na Murongo. Nilizungumza na wazee 23. Siku kitabu kinatoka, tisa walikuwa wameshazikwa. Kilitoka mwaka 2021, mwaka uleule ambao Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 10 Mei, alitoa barua yake Antiquum Ministerium na kuifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Niliiona kama ishara. Nikajisemea kwamba sasa kila parokia itakitaka.

Fedha sikuwa nazo za kutosha. Mchapaji wa Mwanza alinipa bei ya shilingi 4,200 kwa nakala moja, yaani 2,100,000 kwa nakala 500, na kusafirisha kwa basi hadi Omurushaka na kufikisha nyumbani ilikuwa 150,000. Jumla 2,250,000. Katika akiba yangu nilikuwa na 1,250,000. Hiyo milioni moja iliyobaki niliipata kwa njia ambayo watu wa Kagera mnaijua na serikali inaikataza: nilimuuzia mtu kahawa yangu kwa butura, ikiwa bado ua mtini. Mwalimu mzima, niliyefundisha hesabu miaka thelathini, niliuza kahawa ya shamba zima kwa karibu nusu ya bei ambayo ningeipata msimu wa mavuno.

Mama watoto alikuwa akitaka tubadilishe mabati. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, hao watakaonunua umewahesabu?" Nikamjibu kwamba kitabu cha Kanisa hakikosi wanunuzi. Hakusema tena. Wakati wa mavuno ulipofika, nilisimama barazani nikiangalia magunia yanapakiwa kwenye pikapu ya mtu mwingine, naye akaingia ndani akafunga mlango.

Injili ya Luka, sura ya 14, inatukumbusha mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba yampasa kwanza aketi na kupiga gharama asije akachekwa. Nimeisoma mara nyingi kanisani nikiwa msomaji wa zamu. Sikuwahi kufikiri kwamba nami ni mjenzi.

Duka la kwanza

Vitabu vilipofika nilijaza begi na kwenda Kayanga. Duka la kwanza ni lile linalouza madaftari, kalamu, vitabu vya shule na karatasi. Mwenye duka aligeuza kitabu nyuma akakiangalia, akaniuliza, "Namba ya ISBN iko wapi?" Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeiona kwenye vitabu vya darasani lakini sikujua kazi yake.

Baadaye nilielewa. Ni namba yenye tarakimu 13, na kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kila kitabu kina ya kwake, kama mtoto na cheti chake cha kuzaliwa. Maktaba na maduka makubwa huandika na kuagiza vitabu kwa namba hiyo. Kitabu kisicho nayo kinaweza kuuzwa chini ya mti, lakini dukani ni mgeni asiye na barua ya utambulisho. Nilipaswa kuiomba kabla ya kuchapa, ichapwe ndani na kwenye jalada la nyuma.

Jambo la pili aliloniambia lilinishangaza zaidi. Kitabu changu kilikuwa kimepigwa pini katikati, kama daftari, kwa kuwa mchapaji alisema ndiyo njia rahisi. "Mwalimu," akasema yule mwenye duka, "rafuni vitabu husimama, na mteja huona mgongo tu. Chako hakina mgongo. Nikikisimamisha, hakuna atakayejua ni kitabu gani. Nikikilaza mezani, kinachukua nafasi ya vitabu vinane." Alikuwa na haki. Kurasa 120 zingeweza kubandikwa gundi, zikawa na mgongo wa kuandika jina.

La tatu lilikuwa bei. Jalada la nyuma nilikuwa nimechapisha kwa wino mnene: BEI SH. 5,000. Niliipanga kwa kumfikiria mwamini wa kawaida, kwamba elfu tano haimuumizi. Mwenye duka akanieleza kwamba yeye huchukua asilimia 30 ya bei ya kuuzia. Nikatoa kalamu. Asilimia 30 ya 5,000 ni 1,500, nabaki na 3,500. Lakini nakala moja imenigharimu 4,200 na usafiri 300, yaani 4,500. Kwa kila kitabu ambacho duka lingeuza, ningepoteza shilingi 1,000. Kadiri ambavyo kingependwa, ndivyo ambavyo ningezidi kufilisika.

Nilirudi nyumbani na begi langu likiwa limejaa kama lilivyotoka. Mama watoto aliliangalia begi, akanipakulia chakula.

Mali kauli

Sikukoma. Niliambiwa kwamba Bukoba kuna maduka makubwa zaidi, nikapanda basi kupitia Kyaka nikiwa na nakala 40. Duka moja lilikubali kuzipokea kwa mali kauli, yaani wauze kwanza, wanilipe baadaye. Nilifurahi mno hata sikujadili asilimia. Nilimkabidhi kijana wa kaunta vitabu vyangu, akavihesabu, akasema, "Sawa mzee, utapiga simu." Hatukuandikiana kitu. Nilitoka nikiona kwamba nimeshinda.

Kwa miezi mitatu nilipiga simu, nikiambiwa vinaenda taratibu. Kisha simu haikupatikana. Baada ya miezi 14 nilifunga safari. Yule kijana alikuwa ameshaacha kazi, na msimamizi mpya hakunijua wala hakuwa na karatasi yoyote yenye jina langu. Kwa huruma tu aliniruhusu niingie stoo. Nilikuta nakala 17 kwenye kona ambayo paa lilikuwa likivuja, tisa kati yake zimeota ukungu. Zile 23 nyingine sikupata fedha yake wala habari yake.

Duka hilo silitaji, na wala sioni sababu ya kulilaumu peke yake. Kama ningekuwa na karatasi moja yenye tarehe, idadi, bei, sehemu ya kila mmoja, siku ya kulipana na sahihi mbili, msimamizi mpya angekuwa na jambo la kushika. Sisi watu wa Kanisa tuna ugonjwa wa kuona kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Wachumba wanapendana, na bado siku ya ndoa wanatia sahihi kwenye daftari mbele ya mashahidi.

Mama mmoja baada ya Misa

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikumwambia frateri.

Wakati nasubiri Bukoba, nilikuwa nikiuza mwenyewe. Jumapili baada ya Misa nilitandika mkeka nje ya uzio wa kanisa, nikapanga vitabu. Kwa elfu tano nilipata faida ya shilingi 500 kwa nakala, na watu walinunua hasa miezi ile ambayo kahawa ilikuwa imelipwa. Nilifikia nakala 63.

Wakati huohuo nilikwenda kwenye duka la vitabu vya dini. Sista aliyekuwa pale alinikaribisha vizuri, akafungua ukurasa wa mbele, akaufunga. "Mwalimu, kitabu hiki kinafundisha juu ya sakramenti. Kibali cha Kanisa kiko wapi?" Nikamwambia kwamba ni kumbukumbu za wazee tu. Akanionyesha sura yangu ya tano, ambamo nilieleza jinsi makatekista walivyobatiza wagonjwa mahututi padre akiwa mbali. "Hapa unafundisha," akasema. Hakukipokea. Niliondoka nimekasirika. Nilisema njiani, tena kwa sauti, kwamba Kanisa linawawekea walei vizingiti wakati maduka ya mjini yanauza vitabu vya waganga bila kuuliza kitu.

Wiki mbili baadaye, nikiwa pale kwenye mkeka, alikuja mama mmoja wa kigango cha jirani. Alikuwa amenunua kitabu Jumapili iliyotangulia. Hakukaa. Alisimama akikishika kwa mikono miwili, amekunja ukurasa. Akaniambia kwamba miaka mingi iliyopita mtoto wake wa kwanza aliugua usiku, katekista akaitwa, akambatiza, na mtoto akafariki kabla ya kupambazuka. Akaniuliza, "Mwalimu, umeandika hapa kwamba katekista alikuwa akitoa ubatizo wa muda mpaka padre aje. Padre hakuwahi. Mwanangu alibatizwa au hakubatizwa?"

Ndugu zangu, niliandika maneno hayo bila kufikiri. Nilichotaka kusema ni kwamba mtoto akipona huletwa kanisani ili akamilishiwe yale madhehebu mengine, kama kupakwa krisma. Lakini nilichoandika ni "ubatizo wa muda", na hakuna kitu kama hicho. Kanisa linafundisha kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote mwenye nia ya kutenda anachotenda Kanisa anaweza kubatiza kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu, na ubatizo huo ni kamili, haurudiwi kamwe. Nilimwambia hivyo palepale, miguu ikinitetemeka. Akauliza, "Mbona umeandika vingine?" Nikamwambia nilikosea. Alinitazama kwa muda, akasema, "Nimelia wiki nzima," akaondoka. Kitabu alikiacha juu ya mkeka.

Nilikusanya vitabu vyote nikaenda kwa Paroko jioni ileile.

Kibali si kizingiti

Paroko hakunigombeza. Alichukua kitabu cha Sheria za Kanisa za mwaka 1983, akanionyesha kanuni ya 827, aya ya nne. Kwa maneno yangu mwenyewe: maandiko yanayogusa mambo ya dini au maadili hayawezi kuwekwa, kuuzwa wala kugawiwa makanisani kama hayakutolewa kwa ruhusa ya mamlaka halali ya Kanisa, au kukubaliwa nayo baadaye. Akanionyesha pia kanuni ya 826, kwamba vitabu vya sala, kwa matumizi ya hadhara au ya mtu binafsi, vinahitaji ruhusa ya Askofu wa mahali. Kumbe hata ule mkeka wangu nje ya uzio ulikuwa ukicheza na mpaka wa sheria.

Neno lililoniokoa ni lile la "kukubaliwa baadaye". Kitabu kilichokwisha kuchapwa bado kinaweza kupelekwa. Paroko alikisoma kwanza yeye, kalamu nyekundu mkononi kama nilivyozoea kufanya kwa wanafunzi wangu, kisha kikapelekwa jimboni kwa padre mwenye kazi ya kusoma maandiko ya namna hiyo. Ilichukua miezi mitano. Lilirudi kosa lile la ubatizo, pamoja na mengine mawili madogo. Nikapewa ruhusa kwa sharti kwamba kila nakala ibandikwe karatasi ya masahihisho.

Likizo ya Desemba waseminari watatu na vijana wa VIWAWA walikuja nyumbani. Tulikuwa na nakala 367. Tulikaa siku mbili tukikata karatasi na kupaka gundi, mama watoto akituchemshia ndizi na maharage. Tulibandika ukurasa wa kibali na masahihisho mwanzoni, na nyuma tukafunika bei ya zamani kwa kibandiko cha bei mpya, 7,000. Karatasi na vibandiko vilinigharimu 30,000. Kwa waliokwisha kununua, Paroko alitangaza baada ya komunyo, na nikapeleka masahihisho jumuiya kwa jumuiya.

Karatasi ya kwanza niliipeleka kwa yule mama, nyumbani kwake, pamoja na kitabu chake. Aliisoma yote. Akaniomba nimwandikie kwa mkono, chini ya masahihisho, jina la mtoto wake na neno "amebatizwa". Niliandika.

Toka siku hiyo sijalalamika tena juu ya kibali. Yule Sista aliyenikatalia alikuwa akimlinda mama huyo bila kumjua.

Hesabu ya mwisho

Nilirudi kwa Sista na kitabu chenye kibali. Alipokea nakala 60 kwa mali kauli, safari hii kwa karatasi yenye sahihi. Duka lao huchukua asilimia 30: kwa 7,000 mimi napata 4,900. Ziliuzwa zote, nami nikalipwa 294,000. Yule mwenye duka wa Kayanga, ingawa mgongo sikuweza kuuongeza, alikubali nakala 20 akazilaza karibu na kaunta. Zikaisha. Hizo ni 98,000. Nakala 100 nimeziuza kwa kutembelea vigango kwa idhini ya maparoko, kwa bei ileile ya 7,000, elfu moja ikibaki kigangoni kwa ajili ya katekista wao. Hapo nimepata 600,000. Ukiongeza zile 63 za mwanzo, 315,000, jumla ni 1,307,000.

Nilitumia 2,280,000. Bado nina pengo la 973,000. Chini ya kitanda zimebaki nakala 195. Zote zikiuzwa na maduka nitapata 955,500, na pengo halizibiki. Nikiziuza mwenyewe vigangoni kwa 6,000 safi nitapata 1,170,000, nibaki na faida ya 197,000, kabla ya nauli. Nakala nyingine 30 niliwapa bure wazee wale na familia za waliofariki. Hizo siziingizi kwenye hasara.

Naandika tarakimu hizi waziwazi kwa sababu hakuna aliyewahi kunionyesha zake. Duka linakisogeza kitabu kwa watu ambao usingekutana nao, na ndiyo maana linastahili sehemu yake. Lakini mwandishi wa nakala 500 haishi kwa maduka peke yake. Hata wachapishaji wenye majina huogopa kuchapa bila mnunuzi wa uhakika. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulifanikiwa kwa kuahidi kununua nakala 3,000 kati ya 5,000 ambazo mchapishaji alichapa, na kuzipeleka shuleni. Na marehemu Ben Mtobwa, aliyetaka riwaya zake ziwafikie watu, ilimbidi aanzishe Heko Publishers yake mwenyewe.

Mzee wa Rubya

Usiku ambao usingizi ulinikataa nilimfikiria Aniceti Kitereza. Waseminari wengi mnalijua jina lake, na sisi wa Kagera tuna sababu zaidi ya kulijua, kwa kuwa kijana huyo wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alisomea Seminari ya Rubya. Aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na kuimaliza mwaka 1945, akitaka desturi za watu wake zisipotee. Hakupata mchapishaji. Lugha ilikuwa ya watu wachache, na mchapishaji naye huhesabu wanunuzi. Akiwa mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukimaliza. Alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Leo kitabu chake kinasomwa vyuo vikuu, na Profesa Gabriel Ruhumbika amekitafsiri kwa Kiingereza. Simtaji ili nijilinganishe naye. Namtaja kwa sababu mimi nimeshika kitabu changu mkononi na kukiona kimekosewa, na nimepata nafasi ya kukisahihisha nikiwa hai. Yeye hakupata hata nafasi ya kukifungua.

Niliyomwambia frateri

Kwanza, kabla ya kuchapa, peleka daftari lako kwa mlezi, kisha kwa padre anayeijua teolojia kuliko wewe. Omba kibali cha jimbo kabla wino haujagusa karatasi. Ukishapata, kichapwe ukurasa wa mbele.

Pili, omba namba ya ISBN, na mwambie mchapaji abandike gundi ili kitabu kiwe na mgongo wenye jina lake na lako.

Tatu, panga bei kwa kuanzia dukani ukirudi nyuma: toa sehemu ya duka, toa nauli, toa gharama ya kuchapa, uone kinachobaki. Usichape bei ambayo hujaipigia hesabu hiyo. Na ukishaweka bei, uza kwa bei hiyo kila mahali. Mwenye duka akisikia kwamba nje ya kanisa unauza kwa elfu mbili pungufu, atakurudishia vitabu vyako, na atakuwa hajakosea.

Nne, mali kauli bila karatasi ni sadaka. Kama unataka kutoa sadaka, toa kanisani. Tembelea duka kila baada ya miezi mitatu, uhesabu vitabu pamoja nao, usafishe vumbi ukipata ruhusa.

Tano, chapa kidogo kwanza. Mia moja ziishe ndipo uchape mia nyingine, hata kama kila moja itakuwa ghali zaidi. Na usiuze kahawa ya baba yako kwa butura.

Frateri alicheka hapo, kisha akaniuliza, "Lakini Mwalimu, unajuta?" Nilifikiri juu ya mabati ambayo hayajabadilishwa, na juu ya wazee tisa ambao sauti zao zisingekuwa popote. Nilimwambia kwamba najuta milioni ile na haraka ile, ila kitabu sikijutii. Ndege asiyetembea, wazee wetu husema, hajui ulezi ulikoiva.

Mama watoto siku hizi ndiye anayetunza daftari la mauzo. Alinipokonya, kwa haki kabisa. Anaandika tarehe, kigango, idadi na fedha, na juu ya daftari amechora mstari wa shilingi 973,000 anaoupunguza kila tunaporudi. Amesema ukifika sifuri tutanunua mabati, na kama utashindwa kufika sifuri, basi nisiandike kingine mpaka nimwombe ruhusa yeye kwanza, kabla ya Askofu.

Frateri alirudi seminarini na daftari lake. Nimesikia kwamba amempa mlezi wake alisome. Tumwombee, na mniombee na mimi, nakala 195 zipate wasomaji.